Spika Zilizomuumbua Bwana Besi

Shoga, nimechoka hoi. Tangu asubuhi mume wangu ananizungusha maduka ya spika, eti zetu zinaiharibu rekodi ya kwaya yetu.

Duka la mwisho, muuzaji akasema tujaribu kwa muziki tunaoujua. Bwana akaweka rekodi yetu!

Weee! Zile spika za bei mbaya hazifichi hata pumzi.

Muuzaji akacheka: "Huyu wa besi anayepotea njia ni nani?"

Ni yeye, shoga. NI YEYE! Na unavyojua kila mazoezi ananilaumu mimi.

Bwana akachomoa simu yake, tukatoka.

Sasa kakaa nyumbani mbele ya spika zetu za zamani, makopo yale, kairudia rekodi ileile.

"Unasikia? Besi imenyooka."

Hata nguvu za kucheka sina.