Kipele Kilichokataa Kuvimba

Alhamisi, jioni. Manyunyu tangu asubuhi, nguo kwenye kamba hazikauki, na wala sijali. Nimeketi jikoni hapa Donholm na mkono wa kushoto unaoniwasha, na nina furaha hadi naona aibu.

Penisilini hainidhuru!

Wacha nianze mwanzo. Nikiwa mtoto kule Ziwani, homa ya viungo ilinishika ikaniachia moyo mbovu. Valvu moja, kile kilango cha damu ndani ya moyo, haifungi vizuri. Dawa ya kuulinda usiharibike zaidi ni sindano ya penisilini kila mwezi. Lakini nilipodungwa ya kwanza nilitokwa na upele mwili mzima, na tangu siku hiyo Mama akatangazia dunia. Walimu, akina mama wa kanisa, kila daktari: "Huyu wangu, penisilini ni sumu kwake." Nimekua nikimeza vidonge vingine vinavyonichafua tumbo, na siku nyingine navisahau. Juzi daktari akaniambia wazi kwamba moyo umeanza kuchoka, na kabla hatujaendelea kuamini ule upele wa zamani, ngozi yenyewe ipimwe.

Mara ya kwanza nilijiharibia mwenyewe. Niliambiwa niache dawa za mafua na za kutuliza kuwashwa wiki nzima kabla ya kipimo. Nikaacha. Halafu homa ikanibana, nikapita kwa duka la dawa nikanunua ile dozi ya homa tunayofungiwa kwa karatasi, vidonge vya kila rangi. Nani huuliza ni vya nini? Kumbe kile cha manjano ndicho nilichokatazwa, kinazuia ngozi kuvimba. Muuguzi alinidunga tone la kujaribia, lile ambalo lazima livimbe kwa kila mtu, na ngozi yangu ikanyamaza tu. Akaniangalia.

"Dada, umemeza nini?"

Nikaapa sijameza kitu.

"Hata dozi ya homa?"

Yesu wangu! Nikarudishwa nyumbani.

Safari hii nilikaa na makamasi yangu. Dawa zangu zote nilizibeba kwa mfuko muuguzi azikague moja moja. Kwanza alinichoma juu juu ya ngozi. Penisilini haikuleta kitu, kwa hivyo akachukua sindano nyembamba akaingiza matone chini kidogo tu ya ngozi. Inauma kama siafu, basi. Vikainuka vipele kama vya mbu. Halafu unangoja kama robo saa, na hukuni hata kama unawashwa vipi. Dawa ya dharura ilikuwa pale mezani na muuguzi hakuenda mbali. Hilo lilinituliza, na pia lilinitisha, nisidanganye.

Kisha kipele kimoja kikaanza kupanda. Chekundu, kinawasha. Machozi yakanitoka papo hapo, nikamsikia Mama kichwani mwangu akisema, si nilikuambia?

Muuguzi akacheka. "Tulia, dada. Hicho ni cha kujaribia, hicho tunataka kivimbe. Penisilini ni hivi vingine."

Nikaangalia hivyo vingine. Vilikuwa vinapotea.

Baadaye nikapewa kidonge cha penisilini nikimeze mbele yao, nikakalishwa hadi mchana. Wapi! Hakuna kitu. Nimeambiwa niuangalie mkono hadi kesho. Ukivimba nirudi, na pumzi ikibana nisingoje, nikimbie hospitali.

Nilimpigia Mama. Akaanza kulia. "Na vile nimekunyima dawa miaka hii yote, mwanangu."

Nilimwambia alinilinda kwa kile alichokiona kwa macho yake. Angefanya nini tena? Tukalia wote wawili, halafu tukaanza kucheka, sijui nani alianza.

Jumatatu nadungwa ile ya kila mwezi. Wanasema inauma vibaya, hata kukaa ni shida siku hiyo. Mama ameapa atakuja kunishika mkono. Naiogopa sana. Lakini kwa mara ya kwanza naogopa maumivu tu, kama watu wengine wote.