Mbuzi Niliyemnyima Mutahi

Jumapili, 9 Novemba 2025

Mke wangu Kabura ameniletea hii diary kutoka duka la dawa za mifugo hapa Mweiga. Iko na picha ya ng'ombe kwa jalada. Amesema niandike hasira yangu humu badala ya kupigia watu wa nyumba kelele. Haya. Naandika.

Mutahi ni mjinga! Ndugu yangu wa baba na mama mmoja, mkubwa wangu kwa miaka minne — mjinga kabisa. Amekuja leo nikiwa nimetoka tu kanisa, hata suti sijavua. Hakukaa. Amesema ruracio ya binti yangu Nyawira ni tarehe ishirini na mbili, watu wa mchumba wake Ken wanatoka Kiriaini kuleta mahari, na wazee wa ukoo wetu hawatakaa kuwapokea kama sijatoa mbuzi wa kiama. Ati baraza la wazee haliwezi kukaa na mtu ambaye hajaingia. Ati kwao mimi bado ni kihii. Kijana ambaye hajatahiriwa! Niko na miaka hamsini na nane, magoti yote mawili yameharibika, na mimi ni kihii!

Nikamwambia mimi nimeokoka, sitoi.

Wacha niseme ukweli kwa sababu hakuna mtu wa kusoma. Sikukataa kwa sababu ya Yesu. Nilikataa kwa sababu ya Mutahi. Jina la Yesu ndilo lilikuwa karibu na mdomo.

Jumatatu, 10 Novemba

Habari imefika kila mahali. Nimepeleka maziwa asubuhi, akina mama wa kanisa wakanisalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili. Mmoja akasema nimesimama kama Danieli. Danieli! Nilitaka kumwambia Danieli hakuwa na ndugu kama Mutahi. Nilisikia aibu kidogo.

Wanaume nao? Ben, yule anayepima maziwa, tumezaliwa mwaka mmoja. Ananiangalia hivi, anasema, "Sema kijana." Watu wakacheka. Ndoo ilikuwa mkononi. Nusura nimmwagie.

Jumatano, 12 Novemba

Nyawira amepiga simu kutoka Nyeri akilia. Ameniuliza nani atamwongelea. Kwetu baba haongei kwa ruracio ya binti yake — mzee wa ukoo ndiye huongea, na mzee ni Mutahi. Bila yeye wageni watakuja kuongea na viti. "Baba, ni mbuzi tu! Hata si ng'ombe! Unataka watu wa Ken wanione aje?" Nikapandisha sauti. Akakata simu.

Nimemuuliza Kabura yeye anaonaje. Alikuwa anakatakata sukuma wiki. Hakuinua kichwa. Akasema, "Baba Nyawira, ni wewe ulisema umeokoka. Mimi nimengoja usikike ukisema hivyo mbele ya mtu miaka mitatu."

Mitatu, kwa sababu niliacha pombe mwaka wa 2022. Kabla ya hapo aliniombea miaka kumi na moja, kila asubuhi, katikati ya kitanda na ukuta. Mkeka wa hapo uko na mashimo mawili ya magoti yake. Nilipoacha pombe niliacha kweli. Nikaanza kwenda kanisa, nikapata benchi yangu ya nyuma karibu na mlango. Nimeimba, nimetoa sadaka, nimerudi nyumbani. Basi. Hiyo ndiyo Ukristo wangu yote, na mtu asiniite Danieli.

Ijumaa, 14 Novemba

Leo nimeona mambo! Nimeenda kwa Mchungaji Gathogo anisaidie. Nilifikiri atakuja na wazee wa kanisa wakae siku ya ruracio upande wetu. Huyu ndiye alipiga mimbari ngumi mwezi wa nne mpaka glasi ya maji ikaanguka, akisema Mkristo hawezi kula mbuzi wa kiama na meza ya Bwana.

Akafunga mlango. Akashusha sauti. "Mzee Moffat, kwa nini ujisumbue? Toa kimya kimya. Wengi wametoa."

Wengi akina nani?

Akaanza kuangalia kalenda kwa ukuta.

Kumbe hata yeye! Hata yeye ametoa! Nikamuuliza wazi, "Mchungaji, na wewe ulipeleka?" Akasema ni mambo ya kuishi vizuri na watu. Nikasimama. Kiti kikaanguka, sikukiokota.

Nimerudi kwa miguu kwenye matope, katikati ya viazi za watu, na nimepiga Mungu kelele njia yote. Kwa sauti! "Unaona hawa watu wako? Unawaona? Umeniletea nani mimi? Mtu anasema hivi Jumapili na vile Ijumaa, na Wewe umenyamaza!" Mama mmoja aliyekuwa akipalilia akasimama na jembe kuniangalia. Sikujali.

Nilipofika kwa geti nikakumbuka. Maisha yangu yote sijawahi kuongea na Mungu kama mtu hajasema kwanza "tuombe." Na leo nimeongea kilomita mbili. Maombi mabaya, ya ugomvi. Lakini nilikuwa naongea na mtu ambaye yuko.

Jumapili, 16 Novemba

Nimekaa benchi ya mbele. Gathogo aliniona, akageuza karatasi zake, akahubiri juu ya upendo wa majirani. Sikuondoa macho kwake hata mara moja.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimeshindwa. Halafu nimeshinda. Sijui. Wacha niandike vile ilienda.

Nyawira hajashika simu yangu wiki nzima. Jana usiku Kabura alisema msichana hali chakula. Basi asubuhi nikafungua yule mbuzi wa kahawia, asiye na doa, nikamfunga kamba, nikaenda naye kwa Mutahi. Nilijiambia ni kwa ajili ya mtoto. Nilimwambia hata Mungu hivyo: ni ya mtoto, usinisumbue.

Wazee walikuwa watano chini ya mabati, Mutahi katikati na fimbo yake. Walifurahi! Walinishika mkono vizuri. Mmoja alikuwa ameshaanza kunoa kisu. Nikafikiri, kumbe ni rahisi hivi.

Mutahi akasema, "Ngoja. Kabla tupokee, sema kitu kimoja."

Niseme nini?

"Sema hii wokovu ni mambo ya wanawake, na ulikuwa umepotea kidogo."

Wakacheka. Ilikuwa mzaha. Karibu mzaha. Wananiangalia, wanangoja, wanatabasamu, na kisu kimetulia. Maneno yenyewe ni machache. Nikafungua mdomo niyaseme — naapa nilitaka kuyasema! Nikaona ule mkeka. Mashimo mawili.

Yakakataa kutoka. Yaliyotoka ni mengine. Nikasema, "Huyo mwanamke aliniombea miaka kumi na moja nikilala kwa mtaro. Nyinyi ndio mlikuwa mnaninunulia pombe. Wewe Mutahi ulikuwa unaninunulia! Na huyo Yesu wake ndiye alinitoa huko. Mimi sitasema hivyo. Hata mchinje mimi badala ya mbuzi."

Hakuna mtu alicheka. Mutahi akasema nikitoka hapo, Jumamosi nisimuite. Nikachukua kamba.

Mbuzi akakataa kurudi! Njia yote navuta, anakita miguu yote minne. Nimeanguka mara mbili. Nimefika nyumbani na matope mpaka kwapani, bado natukana Mutahi, bado natukana mbuzi. Kabura akaniona, akacheka mpaka akakaa chini kwa ngazi. Mimi sikucheka. Baadaye nikacheka.

Hasira bado iko. Lakini sasa najua nilikataa kwa sababu ya nani. Wiki mbili zilizopita sikujua. Ni Mutahi amenionyesha, na hiyo pia inaniudhi.

Ijumaa, 21 Novemba

Nyawira amekuja. Amesalimia mama yake. Amepiga nguo pasi saa nzima akinipa mgongo.

Tenti imefika. Viti saba upande wetu, kumi na tano upande wa wageni. Hakuna mtu wa ukoo amekuja kusaidia hata kubeba maji.

Kabura ameuliza kama tuwachinjie wageni yule mbuzi. Nikasema la, huyo amenisumbua ya kutosha, aishi.

Nimeomba mahali pa Kabura, kwa mkeka. Magoti yangu hayaingii kwa mashimo yake. Nimesema: aibu ikija ije kwangu. Isimguse huyu msichana. Wewe unajua kwa nini sikuyasema yale maneno, si ufanye kitu! Nimesema hivyo kabisa, kwa ukali.

Jumamosi, 22 Novemba, saa nne

Viti saba. Viko vitupu. Nimetembea mpaka barabarani mara tatu. Gari la Mutahi limepita likienda mjini. Amepiga honi! Mshenzi!

Jumamosi, saa nane

Naandika nikiwa kwa zizi. Nilisema nakuja kuangalia ng'ombe. Ng'ombe hana shida yoyote.

Walifika saa saba wakiimba kwa geti, wakafunguliwa na akina mama wa kanisa, wakakaa. Mzee wao wa kuongea anaitwa Nderitu, mrefu, mpole, koti refu. Akaangalia viti vyetu. Akangoja. Halafu akauliza kwa heshima, "Tumekuja kwa nani?"

Nikasimama. Nikasema ukweli wote. Kwamba wazee wamekataa kuja. Kwamba niliambiwa niseme kitu kimoja juu ya Bwana wangu, na sikuweza. Nilisema Bwana wangu, mbele ya watu thelathini. Halafu nikaona Ken ameinamisha kichwa, na wazee wa kwao wameanza kunong'ona, na miguu ikanileta hapa. Danieli gani huyu!

Naona kupitia kwa mbao. Kabura ametoka jikoni. Amefungua leso ya kiuno, ameikunja, amekaa kwa kiti cha katikati. Cha Mutahi! Mwanamke hakai hapo. Akina mama wa kanisa wamesimama nyuma yake.

Mlango wa nyumba umefunguka. Nyawira! Hafai kuonekana mpaka aitwe. Amepita mbele ya wageni wote na ile nguo aliyopiga pasi. Ameruka kiti kimoja, amekaa kwa kinachofuata. Kati yake na mama yake kuna kiti kitupu.

Mzee Nderitu amesimama, kofia mkononi. Mtu huvua kofia akitaka kuomba, na huichukua akitaka kwenda. Kutoka hapa siwezi kujua ni gani.

"Baba!"

Ni Nyawira. Hajaniita hivyo tangu ile Jumatano.

"Baba, kuja ukae!"

Niko na mavi ya ng'ombe kwa kiatu. Naenda hivyo hivyo.