Kompyuta Ngumu ya Minza

Jumatatu, 14 Julai

Nachambua pamba tangu asubuhi. Goti linauma. Sebule yote pamba, mgeni akija pa kukaa hakuna. Simu hii Minza alinionyesha: bonyeza hapa, ongea, yenyewe inatunza. Kusoma sijui mimi. Kuongea najua. Marehemu mume wangu nikianza kuongea alikuwa anatoka nje. Simu haina miguu.

Minza ni binti yangu wa mwisho. Kazi yake kuandika ng'ombe za watu na chanjo zake, Nkololo, Dutwa, mpaka Mkula kule, kwa pikipiki. Anaandikia kwenye kompyuta. Leo imekufa. Vumbi na kurushwa njiani. Ya pili hii. Bosi wake kasema kila mtu atafute yake mwenyewe, na mwisho wa mwezi huu mkataba unaisha. Asiyepeleka kazi yote hapewi mwingine.

Naogopa. Siyo mshahara tu. Alivyorudi kutoka kwa mumewe, Minza alikaa humu ndani kama gunia. Haongei, hacheki. Kazi hii ndiyo ilimrudishia mdomo.

Jumatano, 16 Julai

Tumeuza mtamba wangu mwekundu, tukaenda dukani Bariadi mjini. Nami nimo, maana ng'ombe alikuwa wangu. Kijana wa duka katoa moja nyembamba, inang'aa. "Hii kisu, bibi." Nikamwambia kisu ninacho nyumbani, nakatia nyanya.

Minza alitaka ile nene. Nyeusi, imeshatumika huko Ulaya, kona zake zina mpira, uzito wake kama jiwe la kusagia. Mbaya wa sura. Kijana kasema hiyo ni ya watu wa migodini, ikianguka unaiokota unaendelea na kazi. Nikasema iwashwe, tuone. Mnadani ng'ombe hununui amelala, unamtembeza kwanza. Tukakaa pale, inawaka tu. Nikaipapasa bawaba, nikaigonga mgongo. Mteja mmoja akauliza, huyu bibi ni fundi? Minza akamjibu, "Daktari wa mifugo huyo." Nilicheka mpaka goti nikalisahau.

Tumechukua nene.

Alhamisi, 17 Julai

Sina amani na ile njia ya Mkula. Mashimo matupu. Nimekata kitenge changu cha zamani, kile nilichovaa msiba wa baba yao, nikashona mfuko kwa mkono. Macho hayaoni sindano vizuri, mishono imekuwa mikubwa mikubwa. Nikaujaza pamba. Pamba safi, siyo fifi, ile chafu ya daraja la chini. Mnene kama godoro la mtoto mchanga. Kompyuta imeingia, imetulia. Minza kasema, "Mayu, hii inalala pazuri kuliko mimi."

Nimefurahi. Siku nyingi sijafurahi hivi.

Jumanne, 22 Julai

Minza yuko Mkula. Mtandao huko mbovu, kwa hiyo anaandika tu, akirudi ndiyo atume zote. Simu yake haipatikani. Ndama wa jirani kaingia kwenye pamba, nimemfukuza kwa maneno, mguu hautaki kukimbia. Namtukana ndama, namuwaza Minza. Njia ile.

Jumatano, 23 Julai

Amerudi. Mzima. Kompyuta imekufa.

Nasema tena, maana mwenyewe siamini. Imekufa. Haikuanguka. Haikulowa. Alimaliza boma la mwisho, akaifunika bila kuizima kwa haraka ya safari, akaitia kwenye mfuko wangu, jua kali lile, mpaka huku. Kuitoa, moto kama chungu kilichotoka jikoni. Kitenge kinanuka kuungua. Kabonyeza, kabonyeza. Hakuna.

Alhamisi, 24 Julai

Fundi wa stendi kaifungua mbele yetu. Ndani mna feni. Sikujua kama mna feni. Pamba yangu ilikuwa imejaa humo, nyuzi nyuzi, kama kiota cha ndege. Kasema mashine hii hata ng'ombe angeikanyaga ingepona. Lakini inapumua, nyie mmeiziba pua. Na yale ya Mkula aliyoyatunza ndani, hayatoki.

Akaushika ule mfuko, akaugeuzageuza, akacheka. "Nani kawashonea hili balaa?"

Minza kasema ameununua sokoni.

Nilikuwa nimesimama hapo hapo.

Ijumaa, 25 Julai

Nimeiua mimi. Mashimo hayakuiua, vumbi halikuiua. Mimi. Minza hajanilaumu hata kwa jicho. Bora angenitukana. Kaazima pikipiki arudi Mkula aandike upya kwenye daftari. Bosi kakataa daftari. Mtamba mwingine sina.

Sitaki kula.

Alhamisi, 31 Julai

Bosi kapiga simu. Mkataba hakuna. Minza kasema, "Sawa, asante," akaweka simu chini. Tangu hapo hajasema neno. Kimya kile kile cha alivyotoka kwa mumewe. Nakijua, nimeshaishi nacho. Nimemwomba Mungu. Nimemwambia na marehemu mume wangu, huenda yeye ananisikia sasa.

Jumanne, 5 Agosti

Leo kaja kijana aliyepewa kazi ya Minza. Mtu wa mkoa mwingine, Kisukuma hajui hata kidogo. Ana adabu, shikamoo mpaka chini. Kaja kuulizia njia. Nikajua Minza hatatoka chumbani.

Katoka. Kakaa naye mlangoni, kamweleza yote. Boma lenye mbwa wakali. Mzee ambaye haruhusu ng'ombe zake zihesabiwe mpaka umsalimie kwa Kisukuma, tena usiwe na haraka. Kamfundisha na salamu. Mwangaluka. Kijana anakosea, Minza anarudia, taratibu, mpaka kapata. Kasema mfululizo, jua likasogea.

Mimi jikoni nasikiliza hiyo sauti. Mlenda nikautia chumvi mara mbili, kichwa hakikuwepo.

Tumekula watatu. Kijana anakula huku anakunywa maji, chumvi haitaji. Minza naye haitaji. Kamaliza sahani yake yote, kaifuta kwa tonge.

Mimi yangu imenishinda.