Maji Yaliyolala

Mpendwa Nafula,

Mulembe, mjukuu wangu. Huku tuko salama. Mahindi yametoa ndevu, na shangazi yako Ayuma anakusalimu.

Umeniuliza kama uache utafiti, kwa kuwa wenzako hawayataji uliyoyaandika kuhusu kichocho. Swali lako limenirudisha mbali. Miwa iliposhika kila shamba hapa Navakholo, alikuja mtafiti mmoja, Rosa. Sisi tulimwita Losa. Alichunguza konokono wa kijito chetu, kisha akatuomba tusioge maji yanapotoka tu mtoni. Tuyaache kwenye pipa kwanza siku mbili, mpaka vijidudu vya kichocho vife.

Mama yangu akasema, "Kumbe yanataka kulala."

Losa akacheka sana. Baadaye akaenda zake, na aliyoyaandika sijui kama kuna aliyeyasoma.

Jana Ayuma alimzuia mke wa mwanawe asimwogeshe mtoto. "Hayo maji hayajalala," alisema.

Nikamuuliza nani alimfundisha. Akanishangaa. "Kwani watu si hufanyanga hivyo tu?"

Jina la Losa halijui, Nafula. Lakini mtoto aliogeshwa kwa maji yaliyolala.

Ni mimi kukhu wako