Mita Ishirini Juu ya Ziwa: Kumbukumbu ya Jórunn Hallsdóttir

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu tukuzike, na bado kuna watu wanaokungoja uombe radhi.

Tungependa kuanza na mengine. Na masweta uliyofuma, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, ukatulazimisha kuyavaa shuleni. Na samaki mkavu uliyekuwa ukimpaka siagi garini kwa kisu cha mfukoni, usukani umeushikilia kwa goti, Baba amefumba macho. Hayo ndiyo yanayotujia tukiwa peke yetu. Lakini wanaokungoja wamezidi kelele, kwa hiyo tutaanza na bwawa.

Kabla hujawa mkemia ulikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, filimbi shingoni, kwenye bwawa la kuogelea la mji wetu, Klaustur. Kazi yako ilikuwa moja: mtu asiingie majini kabla ya kuvua kila kitu na kujisugua kwa sabuni. Mama mkubwa Steinvör anasimulia mpaka leo ulivyomrudisha mke wa mchungaji mara mbili.

"Nimeshaoga nyumbani, binti yangu," alikuambia.

"Nyumbani kwako sikuwepo, Mama mchungaji. Sabuni ile pale."

Ulipomaliza chuo ukapanda kwenye barafu ya Vatnajökull, na kwa miaka thelathini ukachunguza maziwa yaliyofichika chini yake. Sisi wanao tuliijua habari hiyo kabla ya kujua kusoma: joto la ardhi huyeyusha barafu kutoka chini, maji hukaa gizani chini ya mita mia tatu za barafu, na humo huishi viumbe vidogo ambavyo havijawahi kuona jua. Hukutaka kingine maishani isipokuwa kuvijua.

Kisha ikaja Juni ile, miaka kumi na miwili iliyopita. Mlikuwa mkitoboa barafu kwa maji yaliyochemshwa kwenye boila ili kufikia ziwa moja ambalo kwenye ramani lina namba tu. Hrólfur, rafiki yako, ndiye aliyeongoza safari. Alikuwa ameiandaa kwa miaka minane. Wewe ulilinda usafi wa yale maji ya kutobolea. Baba alikuwepo, ndiye aliyeendesha gari la theluji, na maneno haya ni yake.

Mlipofika mita mia mbili na themanini, ulichota sampuli ukaitazama kwa hadubini. Ilijaa vijidudu. Taa ya mionzi ya kuviua ilikuwa imezimika, na hakuna aliyejua tangu saa ngapi. Taa ya akiba ilikuwa imevunjika njiani.

"Zima boila," ulisema.

Hrólfur alidhani unatania. "Jórunn, zimebaki mita ishirini. Tutaandika kwenye ripoti kwamba taa ilizimika."

"Ripoti haioshi maji."

"Dada, dhoruba inafika jioni. Tukizima, shimo linaganda. Hatupati safari nyingine, unajua."

"Najua. Lakini ukiingia na uchafu huu utakuta vijidudu ziwani, ushangilie, na kumbe vyote vimetoka kwenye ndevu zako."

"Na kama ni vichache tu?"

"Mke wa mchungaji alioga kwanza, Hrólfur. Wewe nani?"

Uliizima boila kwa mkono wako. Shimo likaganda kabla mahema hayajafungwa.

Kiangazi kilichofuata, kabla ya mtu yeyote kurudi, ziwa lilijipasulia njia chini ya barafu na kumwagika lote mtoni, siku tatu, hadi baharini. Hilo ndilo wasilokusamehe. Mlisimama wote darajani mkiangalia maji ya kahawia yakipita, yananuka mayai viza. Ulilia, Mama. Tunalisema hapa kwa sababu wapo wanaodhani hukujali.

Bergdís, mmoja wetu wanao, alikuuliza, "Unajuta?"

"Nasikitika. Ningetoa jicho kujua humo mlikuwa na nini. Lakini kujuta, sijuti."

Baada ya hapo walikutania miaka na miaka, hasa pale kwenye dimbwi la maji ya moto ambako mji mzima huzungumza ukiwa umezama hadi shingoni. "Jórunn, haya umeyakagua?" Ukawajibu bila kufumbua macho, "Nimeyakagua. Yalikuwa safi mpaka ulipoingia wewe."

Mwezi uliopita Hrólfur alimpigia Baba simu. Kunajengwa kibanda kipya cha watafiti kule juu, na wengine wanataka kiitwe kwa jina lako. Wengine hawataki kabisa.

"Ketill, mzee wangu," alisema, "andikeni neno moja tu kwenye kumbukumbu yake. Kwamba mwishoni alijuta. Wote watapoa, na jina litapita."

"Alikuambia anajuta?"

"Hakuniambia."

"Hata mimi hakuniambia. Nami nililala naye miaka thelathini na minne."

Hatutajifanya kwamba tulikataa papo hapo. Miongoni mwetu, Álfrún alilitaka jina hilo mlangoni. Alitaka mwanawe Kolbeinn siku moja apande kule alisome. Tulikaa mezani mpaka kahawa ikapoa, tukalijaribu neno lile kila namna, na kila tulipolitamka lilikuwa la mtu mwingine. Mwishowe Álfrún ndiye aliyesema, "Wakiite wanavyotaka. Jina lenye uongo ndani yake Mama angelirudisha likaoge."

Kwa hiyo kibanda kitapata jina jingine. Hrólfur, tunajua unasoma hapa. Miaka yako minane ilikuwa miaka ya kweli, na mlango wetu uko wazi kwako kama zamani. Ila neno ulilotaka hatunalo, na tungekuwa nalo tusingelitoa.

Wanaokukumbuka ni mumeo Ketill, wanao Bergdís na Álfrún, dada yako Steinvör, na mjukuu wako Kolbeinn, ambaye bado anavaa sweta moja kati ya yale uliyofuma. Hutatutoka mioyoni siku zote tulizobakiwa nazo.

Hukuomba radhi ulipokuwa hai. Sisi nasi hatuombi kwa niaba yako. Hatuombi radhi.