Niliowahesabu kwa Kidole

Kangeta,
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu,

Salamu zikufikie hapo Ishiara, wewe na mbuzi wako na lile goti lako la kushoto. Linaendeleaje? Muthoni aliniambia kwamba siku hizi ukienda shambani unashika kiuno, na ukiulizwa unasema ni kiatu. Mama, acha kusingizia kiatu. Na ndengu je, zimeshika maua au jua limezichoma tena? Huku ni ukungu na baridi, lakini mwili wangu ni mzima. Ni moyo tu ambao hauko mahali pake, ndiyo maana nimekaa chini kuandika badala ya kupiga simu. Kwa simu nikisikia sauti yako nitalia, nawe utadhani ni mtandao.

Naandika Kiswahili kwa ajili ya huyu anayekusomea. Kimbeere cha kuongea anakiweza, lakini cha kuandikwa kinamshinda, hata mimi kinanishinda. Muthoni mwanangu, soma polepole, usimeze maneno, na cucu, bibi yako, akikwambia rudia, rudia bila kuguna.

Mama, mambo yameniharibikia. Nimezunguka na maneno haya kichwani wiki nzima nikitafuta namna nzuri ya kuyasema, na sijaiona.

Kazi yangu unaijua kwa kusikia tu, kwa hiyo wacha nikuonyeshe. Nina vile vyumba viwili nyuma ya soko, na kiua kilichozungushiwa mabati. Asubuhi na mapema, kabla jua halijachomoza, wanawake wanaochambua miraa huja na watoto mgongoni, wengine bado wamelala. Miraa haingojei mtu. Ikishakatwa ni lazima ichambuliwe, ifungwe, ivingirishwe kwenye majani ya mgomba na kupakiwa ingali mbichi, la sivyo ni takataka. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kuinama juu ya kazi hiyo asubuhi yote, na mwenye mzigo hataki kelele za mtoto. Basi wananiletea mimi. Nguo zangu zinanuka uji na mikojo tangu Jumatatu hadi Ijumaa, na sijawahi kulalamika. Tangu tumzike baba Muthoni, hii ndiyo kazi iliyotuweka mjini, na ndiyo iliyofanya nikuachie mtoto wangu. Nalea wa watu huku, wewe unalea wangu huko. Nikianza kuwaza hivyo huwa naosha vyombo ambavyo tayari ni safi.

Unakumbuka walipokuja maofisa wakasema kila anayeweka watoto wa watu nyumbani lazima awe amesomea, asiye na cheti atafungiwa mlango. Wenzangu wengine walianza kuwaficha watoto wakiwaona maofisa kwa mbali. Mimi nikaenda chuo kule Meru mjini, na mvi zangu hivi. Wewe ulicheka ukaniuliza kama nitavaa sare. Jumamosi naenda, shule zikifungwa naenda, na siku hizo kina mama huwa wanawagawa watoto kwa dada zao. Wasichana wa darasani wananiita mathe, ndiyo mama kwa lugha yao ya vijana. Mwanzoni nilikasirika, kisha nikaona ndio hao hao wanaonipigia picha madaftari yao nikikosa kipindi kwa sababu mtoto fulani amechelewa kuchukuliwa. Na kuna jambo sikukuambia, Mama. Naipenda shule. Naipenda mpaka naona haya. Mwalimu akieleza kwa nini mtoto wa mwaka mmoja hutupa kijiko chini, ukimwokotea anakitupa tena, mimi nakaa pale mbele na miwani yangu nikitabasamu peke yangu. Miaka yote hii nilidhani ni ujeuri.

Sasa, huko chuoni tunafundishwa kuhesabu watoto. Wakiingia, hesabu. Kabla ya kulala, hesabu. Wakiamka, hesabu, kwa sauti, ukigusa kichwa kimoja kimoja, maana mtoto anaweza kubaki chooni au kutoka langoni na usijue. Ni jambo la maana, silikatai. Lakini siku ya kwanza niliposikia hivyo, nilikusikia wewe. Nilimkumbuka yule kijana wa sensa aliyekuuliza una watoto wangapi, ukamwambia, "Andika wale Mungu alinipa," akabaki ameshika kalamu mpaka chai yake ikapoa. Sisi hatuhesabiwi, maana kwetu kumhesabu mtu ni kumwitia kifo. Mbuzi wenyewe ulikuwa unawatazama tu wakiingia zizini, unajua nani hayupo.

Mimi nimekuwa nikifanya hivyo hivyo. Kila mtoto ana kikombe chake, cha rangi yake au chenye kibonyeo chake. Vikombe vikipangwa, kimoja kikibaki bila mwenyewe najua ni nani hayupo na naenda kumtafuta. Sijawahi kupoteza mtoto.

Basi mwalimu kutoka chuoni alikuja kunikagua. Ni mama mzuri, hata viatu alivua mlangoni bila kuambiwa. Aliona vitu vya kufundishia nilivyotengeneza kwa maboksi na vifuniko vya soda, akasifu. Aliona watoto wakiimba, akaimba nao. Halafu akasema, "Sasa nionyeshe unavyojua wote wako."

Nikamwonyesha vikombe.

"Hiyo ni poa sana, mama," akasema, "lakini nataka kusikia hesabu. Kwa sauti. Bila hiyo siwezi kuweka alama."

Nilitazama ile karatasi yake, Mama, nikafikiria Jumamosi zote nilizosafiri, na mlango wangu ukifungwa kwa kufuli la serikali. Nikainua kidole. Nikawahesabu kichwa kwa kichwa, kwa sauti ya darasani, mpaka nikafika kwa Mwendwa, na hapo kidole kikiwa juu ya kichwa chake nikainua macho nikamwona mama yake amesimama mlangoni. Kananu huwa anaruka kutoka kazini kuja kumnyonyesha. Mikono yake ilikuwa bado ya kijani kwa majani.

"Mwalimu, unahesabu mtoto yangu?" akaniambia. "Na kidole?"

"Kananu, ni mtihani tu huu."

"Mtihani ni yako. Mtoto ni yangu." Akamchukua. Hata hakumnyonyesha pale, alitoka naye hivyo hivyo. Kisha akageuka langoni. "Na si wewe ni mtu ya Embu? Kwani kwenu hawakufunzwa?"

Nilifunzwa, Mama. Hilo ndilo lililonichoma, kwa kuwa nilifunzwa vizuri kabisa.

Wiki hiyo hiyo Mwendwa akashikwa na homa, kifua kikawa kinapiga kama cha kuku aliyekimbizwa. Sasa yuko hospitali, amewekewa hewa puani, na daktari anasema ni nimonia. Mimi kile kikohozi nilikuwa nimekisikia kabla ya mkaguzi kuja. Nilimwambia Kananu ampeleke kliniki, akasema atampeleka miraa ikipungua. Mtoto anayebebwa kwenye baridi ya alfajiri hivi anaweza kuugua bila mtu kunyoosha kidole. Lakini nenda ukaseme hivyo katikati ya wanawake waliokaa chini wakichambua miraa, habari ikipita kutoka mkono hadi mkono. Kesho yake nilipika uji wa watoto wote kama kawaida, nikafungua lango, nikangoja. Hakuja hata mmoja. Mpaka leo hajaja hata mmoja.

Nilienda hospitali na supu. Kananu alitoka akanizuia mlango wa wodi. Macho yake yamevimba, hajalala. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alisema tu, "Rudi, mwalimu. Ukiingia utatuhesabu." Niliacha chupa ya supu kwenye benchi. Sijui kama waliinywa au waliimwaga.

Utaniuliza mimi naamini nini. Sijui. Nikifungua daftari naamini daktari. Nikifunga daftari naona kidole changu juu ya kile kichwa kidogo, nauficha mkono ndani ya leso kama mwizi. Naogopa, Mama. Namwogopea yule mtoto kuliko ninavyojiogopea mimi, na nakuapia hilo ni kweli. Akipona nitapiga magoti hapo hapo sokoni. Asipopona sijui nitaishi wapi, kwa sababu Kangeta sitaweza kukaa, wala hapo kwetu sitaweza kukutazama usoni.

Mwalimu wa chuo amenipigia simu. Ukaguzi wa kwanza ulikatikia pale kwa Kananu, kwa hiyo atarudi mara moja tu tena, kabla muhula haujaisha. Nilipomweleza alisikitika kweli, akaniambia, "Mama, mimi nakuelewa, lakini siwezi kukupa alama za kufundisha viti." Bila hizo alama hakuna cheti, na bila cheti, mlango unafungwa hata kama watoto wangerudi. Niliwahesabu ili nisiwapoteze, na sasa kiua ni kitupu, nafagia mahali ambapo hakuna uchafu.

Jirani yangu anayeuza mboga, mama Gakii, ndiye pekee anayenisalimia. Jana alikuja akakaa, akanikatia maneno wazi wazi. "Hawa wamama si wabaya. Wameogopa. Hii kitu haiishi na kuomba msamaha peke yako, wewe ni mgeni hapa. Mtu akikosea, watu wake ndio wanakuja kusimama na yeye. Lete mama yako. Awatemee watoto mate ya baraka kifuani, wote, halafu akae hapo mlangoni kila siku. Si aje aende. Akae. Wakiona cucu ako, watarudisha. Na ukienda hiyo shule yako, watajua watoto wako na mtu mzima."

Nilimuuliza kama hakuna bibi wa hapa Kangeta anayeweza kunisaidia. Akanitazama kana kwamba nimechanganyikiwa. "Nani atabeba makosa ya mtu hajamzaa?"

Muthoni, hapa nyamaza kwanza. Mwambie cucu mwandiko ni mbaya na unajaribu kuusoma. Isome sehemu hii kimya, ni yako peke yako.

Mwanangu, aya inayofuata inamwomba cucu aje akae nami mpaka nimalize mitihani. Unajua maana yake. Muhula huu ndio wa mtihani wako wa Gredi ya Tisa, na cucu akiondoka utaenda kwa mjomba Njiru. Nyumba ile naijua. Msichana akiingia pale anakuwa mchota maji na mlezi wa wadogo, kitabu anakifungua akiwa amechoka hata jina lake halioni. Kukuleta huku siwezi, shule haitakupokea sasa hivi na mtihani umeshaandikishwa huko. Nimepima jambo hili kila upande na nimeshindwa. Nikimwita cucu, huenda nikanusuru shule yangu na mlango unaotulisha, na huenda nikaharibu shule yako. Nisipomwita, sijui karo yako ya mwakani itatoka wapi. Najua si haki kumbebesha mtoto uzito huu. Sina mwingine wa kunisaidia kuubeba. Ukitaka, soma aya inayofuata kwa sauti. Ukitaka, iruke, uende moja kwa moja kwenye salamu. Ya mama Gakii cucu amesikia, lakini atadhani ni maneno ya jirani tu; hatajua kwamba nimemwita, na mimi sitakuuliza, leo wala siku nyingine.

Mama, njoo. Njoo na leso yako na kitanda nitakupa changu, mimi nitalala kwenye magodoro ya watoto. Njoo usimame nami mbele ya hawa wanawake, uwaambie ulinizaa na kwamba sina ubaya na watoto wao. Njoo kabla yule mtoto hajatoka hospitali, au, Mungu apishe mbali, kabla hajatoka kwa njia nyingine. Najua goti linauma, na mbuzi, na ndengu. Najua ninachokuomba. Ungekuwa wewe umeniita, ningekuja bila viatu.

Msalimie mjomba Njiru na mkewe. Shangazi Marigu mwambie nimepata ule mtama aliotuma, ni mtamu, nimeupikia uji. Mzee wa kanisa anayekuletea maji, mwambie namshukuru na namkumbuka kwa maombi. Yule dada mkubwa wa duka la kona, aliyekuwa akinisukia nywele, mwambie nimekuwa na mvi, acheke. Na wewe goti lipake mafuta ya moto jioni, usifanye kiburi.

Ni mimi bintiyo,
Ruguru

Muthoni, na hii isome kimya: kama uliruka, ulifanya vyema. Kama ulisoma, nisamehe, mwanangu.