Maandazi Yenye Maharage Tumboni

Mdogo wangu Mwanahawa,

Kabla ya salamu: yale maandazi ya Kijapani niliyokutumia, usiyale. Kama liko moja mdomoni, tema. Haya, marahaba, najua umeniamkia. Macho yako yanaendeleaje? Mimi ni mzima nusu, nitakueleza.

Sukari hii tumeirithi kwa mama, sote wawili. Hapa Apple Valley, Marekani, nesi aliniambia, mwanangu Amina akinitafsiria: acha vitamu, punguza wali, kula maharage. Nikashika. Sasa jirani yetu, bibi wa Kijapani, mtu wa heshima zake, akaniletea viandazi vyeupe, laini kama shavu la mtoto. Nikamwambia mjukuu wangu Zuhura amuulize ndani mna nini. Akanijibu kwa Kiingereza chao, “Beans, Bibi.” Hilo nalijua, ni maharage! Nikacheka. Kumbe Wajapani nao kama sisi wa Tanga, maandazi kwa mbaazi, ila wao mbaazi wanazitia tumboni mwa andazi wasichafue vidole.

Nikamtuma Amina dukani kwao, bila kumweleza. Matatu asubuhi, mawili jioni. Utamu niliusikia, sikudanganyi. Ulimi ulijua, mimi nikaukataza kusema. Jirani mwenyewe alikula kimoja tu, na chai chungu. Nikamwona anajinyima.

Siku moja Amina akasoma ubavuni mwa boksi.

“Mama! Sukari imeandikwa mbele ya maharage! Nani kakwambia ule haya kila siku?”

“Nesi wenu.”

“Nesi kasema maharage, Mama, hakusema keki!”

“Na wewe ungekuwa unakaa nyumbani ungeona nakula nini.”

Maneno ya bure. Kidonda cha buti la theluji, ambacho hata sikukisikia, kilikuwa kimeshaoza. Juma lililopita wamenikata kidole gumba cha mguu wa kushoto. Daktari hasemi ni maandazi peke yake. Mimi najua nilichokula.

Kidole sikililii. Naulilia mdomo wangu. Maana Mama Rehema, Mtanga mwenzetu wa hapa, alipokuja huko likizo nilimpa boksi mbili, nikamwagiza: mwambie mdogo wangu ale bila hofu, ni maharage, ni dawa. Nawe tangu utotoni nikisema kula, unakula. Ungekuwa mbishi kidogo, leo ningepumua.

Simu ya mwanao Shabani siku ya nne haipatikani. Barua hii anaileta mumewe Mama Rehema, anaondoka kesho. Nimeandika kwa mkono wangu, darasa la tatu limetosha. Asiyeweza kuisoma ajilaumu mwenyewe.

Msalimie shemeji, mwambie aache kukuletea soda. Msalimie wifi yetu muuza mbaazi. Zake ndizo za kweli.

Ukishasomewa, usinijibu kwa barua. Nenda kapige simu, uongee wewe. Akinipigia mtu mwingine, nitajua kabla hajasema.

Dada yako niliyekulisha,
Mwanaisha